UZI: Kutambuana kwa kovu kwenye riwaya ni uvivu wa mwandishi, au wasomaji wenyewe ndio tunautaka?

#1 Mwandiga Kaskazini
Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza riwaya moja leo, jina naliacha maana mwandishi yuko hai na huenda ana ndugu humu. Kijana anamtafuta mama yake tangu ukurasa wa kwanza. Anapigwa, anafungwa, anauguzwa na watu asiowajua. Mwandishi anajua kuandika, sikatai. Tunafika mwishoni, kijana anavua shati anawe kisimani, mama mwenye nyumba anaona alama nyeusi begani, ndoo inamponyoka, "Mwanangu!" Kitabu kimekwisha.

Nilitaka kukitupa ziwani.

Dai langu: kovu, alama ya kuzaliwa, pete ya marehemu, hirizi iliyokatwa nusu, zote hizo ni njia ya mkato. Mwandishi kashindwa kutuonyesha hawa watu wanajuanaje, kaamua ngozi imsemee. Mtu anayekujua hakujui kwa ngozi. Nipingeni, ila kwa hoja.

#2 Dagaa Mkavu
Nimewahi siti ya dirishani. Ngoja waje wenye vyeti.

#3 Mwalimu wa Cheyo
Mleta mada, dai lako lina zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwenye kitabu chake cha ushairi alizipanga aina za kutambuana, na ile ya alama za mwilini na vidani akaiweka mkiani, akasema watunzi wengi huikimbilia kwa kukosa akili ya kutunga. Kuna ya kumbukumbu: mtu anasikia wimbo, machozi yanamtoka, anajulikana. Kuna ya kuunganisha dalili mpaka jibu lije. Anayoisifu kuliko zote ni ile inayozaliwa na matukio yenyewe, kama kwa Oedipus, mfalme kwenye tamthilia ya Kigiriki aliyemwua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua: mjumbe anakuja kumtoa hofu, na maneno yale yale ya kumtoa hofu ndiyo yanayomvua nguo.

Lakini hakusema kovu ni baya siku zote. Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer anayerudi kwake kwa siri baada ya miaka 20, ana kovu la nguruwe mwitu pajani. Yaya wake wa zamani analigundua akimwosha miguu, hakuna aliyepanga. Baadaye Odysseus mwenyewe anawafunulia wachungaji wake kovu lile lile ili wamwamini. Aristotle anasema ile ya yaya ni bora. Sasa mama yako wa kisimani yuko upande wa yaya. Kitabu ungekitupa ziwani kwa kukionea.

#4 Mwandiga Kaskazini
Mwalimu, bahati ikitokea ukurasa wa mwisho siyo bahati tena. Hapo mwandishi kachoka, anataka akalale.

#5 Kijana wa Kibirizi
Mimi sijasoma huyo Aristotle, ila haya mambo yametukuta nyumbani na hayajaisha, kwa hiyo naomba nafasi.

Tuna baba mdogo alivuka ziwa kwenda Kalemie kabla sijazaliwa. Vita vikaja, habari zikakatika. Bibi alikataa asifanyiwe matanga. Mwaka jana kashuka mtu kwenye boti hapa Kibirizi, ana mfuko mmoja wa shangazi kaja na Kiswahili cha ng'ambo, anaulizia mji wetu kwa jina la babu. Akaletwa. Wazee wote wakasema kitu kimoja: aoneshe mguu. Baba mdogo alijikata na panga utotoni akikata mikungu ya michikichi, kila mtu kwenye ukoo anajua hadithi hiyo, hata sisi tusiomwona.

Mtu akapandisha suruali. Kovu lipo. Refu, limekaa kwenye muundi, mguu wa kulia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Shangazi mkubwa akasema lilikuwa kulia. Baba yangu akasema kushoto, na yeye ndiye aliyembeba siku ile. Mama mkubwa akasema halikuwa kwenye muundi kabisa, lilikuwa kwenye kifundo. Watu waliokuwa na uhakika na kovu kwa miaka yote hiyo, kumbe kila mmoja alikuwa na lake. Shangazi mdogo akalishika kwa kidole, akalifuata juu mpaka chini, akasema, "Kovu ni la kwetu. Mwenyewe simjui."

Mleta mada, sijui nakuunga mkono au nakupinga.

#6 Dagaa Mkavu
Mkuu usitukate hapo! Bibi alisemaje?

#7 Kijana wa Kibirizi
Bibi macho yana mtoto wa jicho, haoni sawasawa. Hakuuliza mguu. Akaagiza apakuliwe ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, akakaa naye pembeni. Yule mtu akala, akamaliza, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa sahani kuzunguka yote, akaramba. Bibi akasikia ule mlio wa kidole kwenye bati. Akasema, "Babu yenu alikuwa anafanya hivyo." Akaingia ndani, akaleta mkeka.

Nitaendelea, naitwa dukani.

#8 Isevya Damu
Duh. Hii ni bora kuliko riwaya ya mleta mada.

Kwa habari ya mzazi asiyeona, wengi tulisoma *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, tukamkumbuka Shailoki na ratili ya nyama tu. Kuna mzee Gobbo mle, haoni vizuri, anakutana na mwanawe njiani anamwuliza njia kama mpita njia. Mtoto, kwa utundu, anamwambia mwanao amekufa! Halafu anapiga magoti aombe baraka, mzee anapapasa nywele za kisogoni anadhani ni ndevu, anashangaa mwanangu umeota ndevu nyingi kuliko mkia wa farasi wangu. Mimi naiona kama Shakespeare anacheka hizi hizi habari za kutambuana kwa kupapasa. Na mwisho wa tamthilia nzima ni pete: wanaume wawili wametoa pete kwa watu wasiowatambua, kumbe ni wake zao.

Na Nyerere aliitafsiri akiwa hapa Tabora, tusisahau. Jembe letu.

#9 Mwalimu wa Cheyo
Isevya, usitupe sifa tusizostahili. Nyerere alisoma Tabora, akarudi kufundisha St. Mary's, hayo ni yetu. Tafsiri ya *Mabepari wa Venisi* ilitoka 1969, yuko Ikulu.

#10 Isevya Damu
Mbegu ilipandwa Tabora, ikachanua Ikulu. Nakaza.

#11 Nguruka Stesheni
Mnakwenda mpaka Ugiriki wakati Kigoma tuna tukio maarufu la kutambuana kuliko yote Afrika. Novemba 1871, Ujiji. Stanley anavua kofia, anauliza kama yule ni Daktari Livingstone. Watu waliokuwa hawajawahi kuonana! Ametambuaje? Hakuna kovu, hakuna pete. Mzungu mmoja tu Ujiji nzima, mzee, ndevu zimeingia mvi. Huyo utamkosea na nani?

Kwa hiyo hoja yangu, wakati mwingine kutambua ni kubahatisha kwenye uwanja usio na mwingine.

#12 Ujiji Kongwe
Nguruka umeanza vizuri ukaishia njiani. Utambuzi wenyewe wa Livingstone haukuwa Ujiji. Ulikuwa London 1874, na ulikuwa wa kovu.

Alikufa kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu. Walipita Tabora, wakamkuta msafiri Mwingereza, Cameron, pale, akawashauri wamzike hukohuko, wakakataa. Wakafika nao Bagamoyo. Ulipofika Uingereza watu wakauliza swali la mleta mada: tutajuaje ni yeye? Sura haipo tena. Daktari Fergusson akapapasa mkono wa kushoto, akakuta mfupa wa juu ya kiwiko uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Ni simba aliyeuvunja. Ndipo kanisa la Westminster Abbey wakafungua mlango, azikwe humo.

Sasa mwambie Susi kovu ni njia ya mkato. Susi hakuhitaji mfupa, alikuwa amembeba miezi yote ile. Mfupa ulihitajiwa na wale ambao hawakuwa njiani. Kovu ni kwa wageni. Mtu wa nyumbani anajua, ila neno lake halitoshi mbele ya wakubwa.

#13 Dagaa Mkavu
Simba wa hapa Kigoma? Gombe au Mahale?

#14 Ujiji Kongwe
Mabotsa, Afrika Kusini, 1844. Gombe tuna sokwe, mkuu, acha kututia aibu mbele ya watu wa Tabora.

#15 Wakili wa Mtaa (Ng'ambo)
Ujiji Kongwe kagusa penyewe ila kaacha mfuko. Kovu linatafutwa pale penye mali. Hakuna anayeomba kovu la mtu asiye na cha kurithi.

Ufaransa, karne ya 16, kijiji cha Artigat. Martin Guerre anaondoka 1548, anaacha mke na mtoto. 1556 anakuja mtu anasema ni Martin. Mke anampokea, dada zake wanampokea, kijiji kinampokea, wanaishi miaka mitatu hivi. Lini anaanza kuwa si Martin? Pale alipomdai baba yake mdogo hesabu za mali! Ndipo macho yanafunguka ghafla. Fundi viatu anaitwa mahakamani, anasema mguu wa Martin ulikuwa mkubwa zaidi. Majaji wa Toulouse wanakaribia kumwachia, halafu Martin wa kweli anaingia na mguu wa mti. Yule mwingine, Arnaud du Tilh, akanyongwa 1560.

Na kuna Kanali Chabert wa Balzac, riwaya ya 1832. Anahesabiwa amekufa vitani Eylau, enzi za Napoleon, anafukiwa na maiti, anajifukua, anarudi Paris. Mkewe ameolewa na mwenye cheo, mali imehama. Mke anamtambua mara moja! Ndiyo maana anamkana. Chabert anaishia kwenye nyumba ya wazee, ukimwita jina anakataa, anajitaja kwa namba.

Kwa hiyo Kijana wa Kibirizi, swali la kisheria: babu aliacha nini?

#16 Kijana wa Kibirizi
Wakili, nilijua mtu atauliza. Shamba la michikichi, upande wa mto. Shangazi mdogo ndiye analivuna.

#17 Wakili wa Mtaa (Ng'ambo)
Sina swali lingine.

#18 Mama Yasini
Wakili usiharakishe hukumu. Huyo shangazi huenda anasema kweli na shamba analitaka, yote mawili. Watu wana nafasi.

Halafu kwenye kesi yako ya Ufaransa umeruka kitu kikubwa. Mahakamani waliwauliza wote wawili habari za zamani za nyumbani, na yule wa uongo alikumbuka vizuri kuliko Martin mwenyewe. Kumbukumbu nayo siyo ushahidi! Mwongo ana sababu ya kukariri. Mwenyewe hana, ameishi tu, mengine yamemtoka. Mimi ukiniuliza rangi ya kanga niliyoolewa nayo nitashindwa, jirani yangu atakutajia mpaka jina lake.

Kwa hiyo mleta mada anayesema kovu ni uvivu atuambie mwandishi aweke nini badala yake. Kumbukumbu? Tumeona. Sura? Inazeeka.

#19 Mwandiga Kaskazini
Aweke maisha, Mama Yasini. Kile alichofanya bibi na sahani.

#20 Mama Yasini
Sahani ilisema nini hasa? Ilisema *babu* alikuwa anafanya hivyo. Haikusema huyu ni fulani bin fulani. Na kila ukoo una mtoto wa nje. Samahani Kijana, sikutukani.

#21 Kijana wa Kibirizi
Hujatukana, mama. Ndiyo hoja ya baba yangu hiyo hiyo. Anasema damu ni yetu, jina siyo.

#22 Binti wa Katonga
Mimi kinachonishangaza ni kwamba mnazungumza kana kwamba kila mtu anataka kutambuliwa.

Rudini kwa yaya wa Odysseus. Analishika lile kovu gizani, mguu unamponyoka unaangukia kwenye beseni, maji yanamwagika, mama wa watu anacheka na kulia pamoja. Odysseus anafanya nini? Anamkaba koo! Anamwambia ukitoa sauti nitakuua. Mtu aliyemnyonyesha. Kwa sababu kujulikana usiku ule kungemmaliza, nyumba imejaa maadui. Watu husimulia machozi, wakaacha mkono kooni.

Hapa Kigoma hilo tunalijua kuliko hao wa vitabuni. Kuna mtafiti, Liisa Malkki, kitabu chake cha 1995 alilinganisha Warundi waliokimbia 1972 waliokuwa kambi ya Mishamo na wale waliokaa Kigoma mjini. Wa kambini walishika historia yao kwa nguvu, wanaisimulia kwa mpangilio kabisa, sisi ni nani na tulifanywa nini. Wa mjini wakabadilisha majina, wakaoa na kuolewa, wakawa watu wa hapa, leo huyu Muha, kesho huyu Mmanyema. Kwao kutambuliwa ilikuwa hatari. Kuna mama alikuwa jirani yetu, akisikia mtu anaimba wimbo fulani sokoni anabadilisha njia. Sikujua kwa nini mpaka nilipokuwa mkubwa.

Andikeni riwaya ya huyo. Alama anaifunika, mwandishi mzuri haifunui.

#23 Ujiji Kongwe
Hii posti ya Binti wa Katonga nimeisoma mara mbili.

#24 Nguruka Stesheni
Naongezea hapo kwa Binti. Gurnah kaifanya hiyo kwenye *By the Sea* ya 2001. Mzee Saleh Omar anaomba hifadhi Uingereza kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Wanamtafutia mtu anayejua Kiswahili, na huyo mtu ni mtoto wa Rajab Shaaban mwenyewe! Anasikia jina la baba yake marehemu limevaliwa na mtu mwingine. Wanapokutana hakuna anayelia wala kuangusha ndoo. Wanakaa kwenye viti wanahesabiana: nyumba ilichukuliwaje, meza ilikwenda wapi, nani alimdhulumu nani. Kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake hana, na vingine havilingani. Kitabu kizima ni kutambuana kwa polepole.

#25 Wakili wa Mtaa (Ng'ambo)
Nyumba na meza. Mali tena. Naendelea kushinda kesi.

#26 Bwana Reli
Kama hoja ni utambulisho, tumtafute yaya wa Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwa treni mpaka mwisho wa reli, ikaungwa Kigoma. 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. 1924 ikaibuliwa, 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Baadaye mitambo ya mvuke ikatolewa ikafungwa ya dizeli. Meli ni ile ile au siyo?

#27 Isevya Damu
Reli yenyewe inapita kwetu kwanza, kwa hiyo meli ni ya Tabora.

#28 Dagaa Mkavu
Mods, mtu wa Tabora anadai meli. Mfungieni.

#29 Mwalimu wa Cheyo
Turudi. Mama Yasini aliuliza mwandishi aweke nini badala ya kovu. Homer mwenyewe alikuwa na jibu, tena mwishoni, kitabu cha 24. Odysseus anamkuta baba yake shambani, mzee amechakaa, anapalilia. Anamwonyesha kovu. Halafu, ingawa kovu limeshaonyeshwa, anaongeza: nikutajie na miti uliyonipa nilipokuwa mdogo, nikikufuata nyuma humu shambani nikiuliza hiki ni nini na hiki ni nini. Mipea 13, mitofaa 10, mitini 40, na mistari 50 ya mizabibu uliyoniahidi. Hapo ndipo magoti ya mzee yanalegea.

Kovu lingeweza kuwa la yeyote aliyepigwa na nguruwe. Ile miti ilikuwa ya wawili peke yao.

Na kwa mke hali ni nyingine tena. Penelope hajali kovu. Anaamuru kitanda kihamishwe nje, makusudi, akijua hakihamishiki kwa sababu mguu wake mmoja ni mzeituni wenye mizizi ardhini. Odysseus anakasirika: nani amekikata kitanda changu? Ile hasira ndiyo inayompa Penelope jibu.

#30 Mwandiga Kaskazini
Sasa Mwalimu unanisaidia mimi. Mwandishi yule yule anaweka kovu halafu anaona halitoshi.

#31 Ujiji Kongwe
Au anaona kila mtu ana mlango wake. Yaya alimwosha, kwake ni ngozi. Baba alimpa miti. Mke walilala kitandani. Kovu lisingetosha kwa baba, na miti isingemwambia yaya kitu.

#32 Mama Yasini
Na mbwa je? Argos anamtambua baada ya miaka 20, amelala kwenye mbolea, anatikisa mkia, anakufa. Hakuuliza mti wala kitanda.

#33 Wakili wa Mtaa (Ng'ambo)
Mbwa hana shamba.

#34 Mama Yasini
Nakataa hiyo, Wakili. Yaqub alikuwa na nini cha kupoteza? Kwenye Sura Yusuf, kanzu ya mtoto iko bado njiani kutoka Misri, mzee anasema nasikia harufu ya Yusuf, wanawe wanamwambia bado uko kwenye upotevu wako wa zamani. Na ndugu, wanaosimama mbele ya Yusuf uso kwa uso, wanapewa nafaka naye, hawamjui. Yeye anawajua siku ya kwanza. Waliomwuza hawamtambui. Mali haifungui hapo, kinachofunga ni kosa.

#35 Binti wa Katonga
Na anawachelewesha makusudi. Anawajua, ananyamaza. Hilo nalo mleta mada alikatae kama ni uvivu.

#36 Isevya Damu
*Paradise* ya Gurnah mhusika anaitwa Yusuf, na anauzwa pia, kwa deni la baba yake. Ile tafsiri ya Kiswahili, *Peponi*, kuna anayeiuza Tabora?

#37 Nguruka Stesheni
Ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota. Mimi niliagiza Dar, ikaja na basi. Nikiimaliza nakuazima, ukirudisha bila mafuta ya kitumbua.

#38 Mwandiga Kaskazini
Wakuu asanteni. Bado nasema yule wa kisimani alikuwa mvivu, ila kosa lake nahamisha: hakukosea kuweka alama, alikosea kufunga kitabu pale pale. Nilitaka kuona kesho yake asubuhi, nani anachota maji, nani anamwita nani mama. Kijana wa Kibirizi, malizia. Wamekubaliana?

#39 Kijana wa Kibirizi
Hapana. Bibi anamwita kwa jina la baba mdogo. Baba yangu anamwita "bwana". Shangazi mdogo hamwiti, akimhitaji anamtuma mtoto. Mwezi uliopita kikao cha ukoo kimempa mistari miwili ya michikichi upande wa mto, wakaandika kwenye daftari "mgeni wa mama". Yeye amesaini kwa jina la baba mdogo, na mwandiko ule hakuna mwenye barua ya zamani ya kuulinganisha.

#40 Wakili wa Mtaa (Ng'ambo)
Daftari hilo liko kwa nani?

#41 Kijana wa Kibirizi
Kwa shangazi.